Kochi Lililolia

Paka aliyeitwa Mama Mkwe hakuwahi kuguswa na mkono wa mtu, na waliojaribu hawakujaribu mara ya pili. Alihamia nyuma ya karakana ya makochi miezi minane iliyopita, mbavu zikihesabika na sikio moja limechanika. Tangu siku hiyo alikula alichowekewa, akanywa alichomiminiwa, kisha akapanda juu ya rundo la mbao na kuwatazama wenyeji kwa jicho la mtu aliyehudumiwa vibaya. Jina alipewa na Fundi mwenyewe. Kwa kuwa mama mkwe wake halisi alikuwa hai, mzima wa afya na mwenye masikio makali, Fundi alimwita paka huyo kwa sauti ya chini.

Aliyemlisha ni dada yake Fundi, mwanamke wa miaka sitini na moja ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Yeye ndiye aliyekata na kushona vitambaa vya makochi. Mdogo wake aligonga misumari, akafunga springi na kuzungumza na wateja. Shangazi alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kumpita paka mwenye njaa akaendelea na safari yake. Kwa miaka mitano alikuwa ameokota paka kumi na watatu, kwenye mitaro, kwenye mapipa, mmoja ndani ya injini ya lori, na kumi na wawili alikuwa ameshawaoza. Ndivyo alivyosema mwenyewe, kuwaoza, maana hakumpa mtu paka hivi hivi. Anayetaka alikalishwa kwenye kigoda, akahojiwa: una mbwa? Nyumbani kuna mtu anayerusha viatu? Ukisafiri atabaki na nani? Muuza magazeti alikataliwa mara mbili kabla ya kukubaliwa, na mpaka leo huwaambia watu kwamba kumpata mkewe ilikuwa rahisi zaidi.

Aliyebaki bila mchumba ni Mama Mkwe peke yake. Nani atamchukua paka asiyeshikika? Na kama hilo halikutosha, akashika mimba.

Akanenepa, akapotea siku mbili, akarudi tumbo limenywea na chuchu zimevimba. Ilikuwa wazi kwamba amezaa na watoto amewaficha mahali. Mahali gani? Shangazi alipekua nyuma ya marobota ya sponji, juu ya kabati la vitambaa, ndani ya makopo matupu ya gundi, hadi kwenye bafu la jirani, ambaye hakufurahi. Alitaka awapate mapema, wakiwa bado wadogo wa kuzoeshwa mikono ya watu, kwa sababu paka akikua bila kushikwa hugeuka kuwa kama mama yake, na huyo hana atakayemfungulia mlango. Siku kumi alitafuta. Hakuona hata unywele.

Jumatano asubuhi alifungua karakana akakuta Mama Mkwe analia.

Sasa, huyu hakuwa paka wa kulia. Lakini alikuwa katikati ya sakafu, mahali ambapo kwa wiki tatu palikaa kochi kubwa la Bibi Mkunga, anazunguka, ananusa alama nne za miguu ya kochi kwenye vumbi, anainua kichwa na kutoa sauti nzito ya kukwaruza. Rundo zima la vipande vya sponji alikuwa amelichanachana. Alipomwona Shangazi hakukimbilia juu ya mbao zake. Alimjia moja kwa moja, akasimama hatua moja mbele yake, akalia tena.

Shangazi aliangalia zile alama nne. Kisha akaketi juu ya robota la sponji akiwa bado ameshika funguo.

Hapa inabidi jambo la kazi lielezwe. Kila kochi lina kitambaa cheusi chepesi kinachofunika upande wa chini, nacho hupigwa pini mwisho kabisa, kazi nyingine zote zikiisha. Pale karakana sehemu hiyo waliiita tumbo. Marehemu baba yao, aliyewafundisha kazi wote wawili, aliwaachia sharti moja: tumbo halifungwi kabla ya kupapaswa. Unaingiza mkono hadi begani na kupita kila kona, maana ndani ya makochi husahaulika mikasi, sindano, koleo, na siku moja meno ya bandia ya mteja yaliyokuwa yametafutwa mwaka mzima.

Kochi la Bibi Mkunga lilikuwa limekaa pale likisubiri kitambaa, tumbo wazi, ndani giza na joto, bila upepo wala mtu wa kusumbua. Mjamzito yeyote angelipenda. Shangazi, katika kutafuta kwake kote, hakuwahi kuinama kutazama humo. Kitambaa kikaja, wakalivika, na jana Jumanne likawa tayari. Shangazi alishika stepla, akamuuliza mdogo wake, "Umepapasa?" Fundi, aliyekuwa na simu sikioni na gari linanguruma mlangoni, akajibu, "Tayari, dada. Funga." Akafunga. Alipiga pini zaidi ya mia moja, mstari umenyooka kama rula, kwa sababu Shangazi hajui kufanya kazi ovyo. Saa nne kochi likapelekwa kwa mwenyewe, na wao wakafunga karakana kwenda kupima viti vya hoteli upande wa pili wa mji.

Fundi alipofika asubuhi hiyo alimkuta dada yake amesimama mlangoni.

"Ulipapasa tumbo la kochi la Bibi Mkunga?"

"Na wewe umeamkaje, dada."

"Nimekuuliza."

"Nilipapasa." Alikuwa anatundika koti lake msumarini na hakugeuka. "Kwani kuna nini? Mkasi umepotea?"

"Watoto wa Mama Mkwe wamo ndani."

Fundi akacheka. "Dada, mimi natengeneza makochi. Hayazai."

Kisha akauona uso wa dada yake, akamwona na paka aliyekuwa amerudi kwenye zile alama za vumbi, na kicheko kikamkauka. Alisimama pale akijikuna shingo.

"Tangu jana saa nne," Shangazi alisema. "Hawajafika hata wiki mbili wale. Mchana kutwa na usiku kucha hawajanyonya. Tukichelewa tutawakuta wamekufa, na mimi ndiye niliyewafungia, kwa mkono wangu huu!" Machozi yalimtoka akiwa bado anaongea, akayafuta kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa karibu, cha mteja mwingine.

"Basi twende," Fundi alisema. "Usilie. Twende."

"Pamoja na huyu. Bila maziwa yake tutawatoa kochini twende tukawazike."

Hapo pakawa na tatizo, maana Mama Mkwe ni Mama Mkwe. Fundi alijaribu boksi, akapata mikwaruzo mitatu na kutoa maneno ambayo baba yao asingeyapenda. Shangazi akafikiri kidogo, akaenda kwenye kabati akachukua foronya kubwa ya mto wa kochi, ile yenye zipu ndefu, akatia ndani kipande cha dagaa na vile vipande vya sponji vilivyokuwa chini ya kochi la Bibi Mkunga, vilivyobaki na harufu ya watoto. Akaiweka sakafuni, mdomo wazi. Paka alinusa. Akaingiza kichwa, akaingia mabega, akatumbukia mzima, na zipu ikapita nyuma ya mkia wake kabla hajajua kilichompata. Foronya ikaruka ruka sakafuni, kisha ikatulia na kuanza kunguruma.

Garini Shangazi alimpakata akiwa amejikunja humo ndani, akihisi moyo wake ukipiga mbio kupitia kitambaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika.

Walipopita sokoni Fundi alisema, macho yake barabarani, "Sikiliza, dada. Tukifika, tusianze habari za paka. Tuseme tumesahau kukaza mguu mmoja wa kochi. Tunalibeba, tunalifungulia kwetu, tunawatoa watoto, jioni tunalirudisha. Kwisha."

"Kwa nini tudanganye?"

"Kwa sababu yule mama amezalisha nusu ya mji huu, na nusu nyingine inamjua. Akisema makochi yetu yanafungwa na wanyama ndani, nani atatuletea tena? Jina lililo kwenye kibao cha karakana ni la baba, dada. Si langu."

Shangazi hakubishana. Wakati ule hakujali kibao wala mguu wa kochi. Alitaka pini zile zing'olewe, iwe kwa uongo au kwa kweli. "Sawa," alisema. "Endesha."

Mlango wa Bibi Mkunga ulikuwa wazi. Walipiga hodi wakaitikiwa na sauti ya mwanaume, na walipoingia, kitu cha kwanza Shangazi alichokiona sebuleni ni mabegi mawili yaliyofungwa. Cha pili ni kochi, refu, la mahameli ya kijani, limetulia chini ya dirisha kama lisilo na hatia yoyote. Alitega sikio. Hakusikia kitu.

Bibi Mkunga alikuwa ameketi wima kwenye kiti cha mbao, mikono magotini. Alikuwa na miaka sabini na tisa, mwembamba, macho mekundu ya mtu ambaye hakulala. Mwanawe, mtu mzima mwenye mvi chache na shati lililopigwa pasi vizuri, alikuwa amesimama katikati ya chumba na simu mkononi.

"Shikamoo, mama," Fundi alianza, akitabasamu tabasamu lake la wateja. "Tumekuja mara moja tu. Mguu mmoja wa kochi hatukuukaza sawasawa. Tunalichukua, jioni linarudi."

"Chukueni," mwanawe alisema. "Kaeni nalo hata mwezi. Mama anahamia kwangu leo, nyumba tunaifunga."

"Sihami," Bibi Mkunga alisema.

"Mama, tumeshazungumza."

"Umeshazungumza wewe."

Mwanaume yule akawasogelea wageni, akashusha sauti jinsi watu wanavyofanya wanapomsema mzee aliyekaa palepale. "Mtusamehe, mmetukuta siku mbaya. Tangu jana anapiga simu, anasema kuna wachanga wanalia ndani ya kochi. Nimekuja alfajiri, nimemkuta amepiga magoti na kisu cha jikoni, anataka kukata kochi lenu. Jipya, hata siku mbili halijamaliza! Nimemnyang'anya kisu. Nimeliinua kochi, nimeangalia chini, hakuna hata tundu. Amezalisha watu miaka arobaini na mbili. Nadhani vile vilio vimembaki kichwani." Akamtupia mama yake jicho. "Nitamwachaje peke yake na visu? Ni mama yangu."

Shangazi hakuweza kumchukia. Ungemchukiaje? Alikuwa anaogopa, basi.

"Mimi sikusema ni watoto wa watu," Bibi Mkunga alisema kutoka kitini kwake, bila kupandisha sauti. "Nilisema sijui ni wa nini. Lakini ni wachanga, wana njaa, na wako mle. Sasa wamenyamaza, na hilo ndilo baya zaidi."

Fundi alikuwa ameshainama. "Dada, shika upande huo."

Shangazi aliweka foronya chini polepole, akaenda upande wa pili wa kochi, akashika. Uongo wao ulikuwa umekubalika kwa urahisi kuliko walivyotarajia. Dakika mbili wangekuwa nje. Nyuma ya gari, pale pale barabarani, wangefungua tumbo na kuwatoa watoto, na hakuna mtu ambaye angejua lolote. Na mama huyu angeingia kwenye gari la mwanawe na mabegi yake mawili. Wangempa chumba kizuri na kuficha visu vyote. Kila akisema amesikia kitu, wangetazamana. Mwisho hata yeye mwenyewe angeacha kuyaamini masikio yake, na yalikuwa sahihi kuliko ya wote waliokuwa mle ndani.

"Weka chini," Shangazi alisema.

"Dada."

"Weka chini, nimesema." Akajikaza, akageuka. "Mama, hukusikia vibaya. Mle ndani kuna watoto wa paka. Paka wetu alizalia ndani ya kochi lako, na jana mimi nikalifunga wakiwa humo. Hakuna mguu uliolegea. Tulikuja kukudanganya. Nisamehe."

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Shangazi alijua amemvua nguo mbele ya mteja, na alikuwa tayari kwa hasira zake za wiki nzima.

"Si yeye," Fundi alisema.

Wote wakamtazama.

"Sharti letu ni kupapasa ndani kabla ya kufunga. Aliniuliza kama nimepapasa, nikasema nimepapasa." Alikuwa akiongea na sakafu. "Sikupapasa. Nilikuwa na haraka. Leo asubuhi ameniuliza tena, nikasema vilevile."

Kwa miaka zaidi ya hamsini Shangazi alikuwa dada wa mtu huyu, na alikuwa hajawahi kumsikia akikiri kosa, hata la kuvunja sahani. Alitaka kumpiga kofi na kumkumbatia, na hakujua aanze na lipi.

Bibi Mkunga hakupiga kelele. Alifumba macho, akavuta pumzi ndefu, akaitoa taratibu, na mabega yake yakashuka. Kisha akasimama, na ghafla sebule ile ikawa ya kwake.

"Maneno baadaye. Mwanangu, lete taulo mbili, na chupa ya maji ya moto, si ya kuunguza. Fundi, fungua."

Walilaza kochi kwa mgongo. Fundi akang'oa pini kwa koleo, moja baada ya nyingine, na zilipomchosha akashika kitambaa kwa mikono miwili akakirarua. Shangazi akapiga magoti, akaingiza mkono hadi begani. Alipita springi, akapita mikanda, akafika kona ya nyuma, na vidole vyake vikagusa manyoya. Yalikuwa na joto.

"Wapo!" alisema. "Wazima!"

Akatoa wa kwanza, mweupe mwenye madoa, macho ndiyo kwanza yamefumbuka na yamegandamana kwa usaha. Akatoa wa pili. Akatoa wa tatu, aliyefungua mdomo mzima kulia na sauti isitoke, maana alikuwa ameimaliza yote tangu jana. Bibi Mkunga aliwapokea mmoja mmoja kwenye taulo, akawafuta macho, akawalaza kwenye droo ya kabati aliyokuwa ameshamwamuru mwanawe aitoe na kuimwaga. Shangazi akaisogeza foronya hadi kwenye droo, akavuta zipu. Mama Mkwe alichomoa kichwa akiwa tayari kwa vita. Akaona watoto. Akasahau vita, akaingia kwenye droo akajilaza, na wale watatu wakamvamia.

Fundi aliingiza mkono wake na yeye, akapapasa kona zote nne, safari hii kweli. "Tumemaliza," alisema akipangusa jasho. "Watatu."

"Wanne," Bibi Mkunga alisema.

"Mama," mwanawe alianza.

"Nimekaa na sauti hizi tangu jana. Nimewahi kusimama mlangoni mwa wodi yenye vitanda kumi nikajua ni nani analia bila kugeuka. Kuna mmoja ana sauti nyembamba, inapasuka mwishoni. Hayumo kati ya hawa. Wako wanne."

Fundi akapapasa tena. Tumbo lilikuwa tupu. Palibaki mahali pamoja tu: kati ya tumbo na mkono wa kochi kulikuwa na mwanya wa vidole vitatu, na mtoto wa paka mwenye njaa, akimtafuta mama yake, angeweza kujipenyeza humo na kutumbukia ndani ya mkono. Mkono wa mtu usingepita. Ili kufika huko ilibidi kukata mahameli kutoka nje, na mbele ya ule mkono kulikuwa na mikunjo kumi na minane iliyokusanyika katikati, ambayo Fundi alikuwa ameishona kwa sindano siku mbili na kuipiga picha.

Wote walitega sikio. Kochi halikutoa hata mkwaruzo.

"Fundi, usiharibu kazi yako," mwana wa Bibi Mkunga alisema kwa upole. "Mama amechoka. Tumepata watatu, tushukuru."

Shangazi alimtazama mdogo wake. Fundi aliutazama ule mkono wa kochi, kisha akamtazama Bibi Mkunga, aliyekuwa amesimama na taulo tupu mikononi.

"Mkono upi, mama?"

"Wa upande wa mlango."

Fundi akachomoa kisu chake mfukoni na kupasua mikunjo yote kumi na minane kwa pigo moja la kushuka chini. Akavuta sponji, akavuta pamba, akazamisha mkono. Uso wake ukabadilika.

"Yupo," alisema. Kisha alipomtoa, akasema kwa sauti nyingine, "Lakini huyu ameshakwenda."

Alikuwa wa kijivu, mdogo kuliko wenzake, baridi, kichwa kinaning'inia. Shangazi aliziba mdomo kwa mkono. Aliona jinsi kisa hiki kitakavyosimuliwa: wanne, na yeye aliwafungia, na mmoja akafa peke yake gizani.

"Mlete hapa," Bibi Mkunga alisema.

Aliketi sakafuni moja kwa moja, miaka yake sabini na tisa yote. Akamgeuza mtoto kichwa chini kwenye kiganja, akamsafisha mdomo kwa ncha ya kidole cha mwisho, akaanza kumsugua mgongo kwa taulo, haraka haraka, kinyume cha manyoya. "Wewe," akamwambia mwanawe, "piga magoti. Weka chupa ya moto hapa chini yake. Shika miguu, sugua."

"Hivi?"

"Kwa nguvu. Si wa sukari."

Mwanaume yule akasugua. Shati lake la pasi likaloa kwapani. Shangazi alijikuta anahesabu misuguo, akafika sitini, akapotea, akaanza upya. Fundi alikuwa amekaa juu ya visigino vyake, kisu bado mkononi, midomo ikienda kimya kimya. Bibi Mkunga akainama, akapuliza pumzi ndogo, ndogo sana, puani mwa yule mtoto. Akasugua. Akapuliza tena.

Mguu mmoja wa nyuma ukatikisika.

"Usiache," alisema Bibi Mkunga. "Sasa ndiyo usiache."

Mtoto alipiga chafya. Akafungua kinywa kisichozidi ukucha, na kilio kikamtoka, chembamba, kikapanda, kikapasuka mwishoni.

Mwanaume yule aliacha kusugua. Alikuwa anamtazama yule mtoto, si mama yake, na rangi ilikuwa imemtoka usoni. "Ndiyo hiyo?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Nyembamba. Inapasuka mwishoni."

"Tangu jana saa tano nakwambia."

Mwanawe akaweka paji la uso juu ya bega la mama yake, mtu mzima na mvi zake, akalia, na Bibi Mkunga akaendelea kumsugua paka kwa mkono mmoja, wa pili akampigapiga mwanawe mgongoni. Shangazi aligeukia dirishani kwa adabu. Hakuona chochote huko nje, maana na yeye alikuwa analia.

Aliyempeleka wa nne kwenye chuchu ni Bibi Mkunga mwenyewe. Alipitisha mkono moja kwa moja chini ya kifua cha Mama Mkwe. Paka alinguruma. Bibi Mkunga akamwambia, "Nyamaza, na wewe mzazi wa kwanza nini?" Paka akanyamaza. Makucha hayakutoka.

"Hawa hawatoki hapa," Bibi Mkunga alisema. "Wala mama yao. Na hilo kochi halitoki. Fundi, utakuja kulishonea hapa hapa, nikikuangalia."

"Kesho asubuhi, mama," Fundi alisema, na kwa sababu hakuweza kujizuia, akaongeza, "nitapapasa kwanza."

Bibi Mkunga alicheka hadi akakohoa.

Simu ikaita. Mwanawe alijifuta uso kwa mkono wa shati, akaona ni dada yake, aliyekuwa kwake akimwandalia mama yao chumba, akasimama.

"Dada," alisema kwenye simu. "Hapana. Hapana, haji, usitandike kitanda. Anabaki kwake." Alisikiliza. "Ndiyo, wale wanaolia. Wako wanne. Nimemsikia mmoja kwa masikio yangu."

Upande wa pili ulisema kitu kirefu. Akasikiliza mpaka mwisho, akatazama droo, akatazama mama yake aliyekuwa bado sakafuni na mkono mmoja ndani ya droo.

"Basi njoo uone," alisema. "Tena njoo leo. Tuna mengi ya kumwomba msamaha, na mimi sitaki kuanza peke yangu."